Uzi Chini ya Ulimi

Mjukuu wangu wa kwanza kwa mwanangu wa kiume alizaliwa kwa upasuaji, mwezi wa saba, katika ile baridi ya Arusha ambayo wiki nzima inaweza kupita Mlima Meru haujaonekana na nguo zinakauka kwa huruma. Siku ya tatu tulimtoa mama yake hospitali nikampeleka moja kwa moja nyumbani kwangu Moshono. Mwanangu, baba wa mtoto, ana kazi Dodoma na alikuwa amepewa siku chache tu. Hata angepewa mwezi mzima, kwetu Machame kazi ya kulea mzazi haachiwi mwanamume. Ni kazi ya mama mkwe, na mimi nilikuwa nimeisubiri kwa hamu tangu siku ya harusi.

Nijieleze kidogo. Nauza vitenge na mashuka mjini, nimeuza miaka mingi, na wanaonijua watakwambia sipendi kuambiwa sijui. Kabla ya huyu nilikuwa nimelea wazazi watatu, wadogo zangu wawili na binti yangu, na wote walitoka ndani wamenawiri, mashavu yanang'aa. Kwa hiyo nilijipanga. Ndizi za mtori zilishuka kutoka kwa kaka yangu, mbavu za ng'ombe nilichagua mwenyewe, siagi ya kienyeji ikakaa tayari kwenye kopo.

Mkwe wangu ni Mwarusha wa Olmotonyi. Baba yake alistaafu kwenye vitalu vya miche vya chuo cha misitu, na yeye mwenyewe ni mwalimu wa hesabu sekondari. Ni mrefu, mwembamba, maneno yake machache. Nitasema ukweli, mwanzoni sikumwelewa. Kwetu mtu akiumwa husema anaumwa, na jirani wa tatu anajua. Huyu akiumwa huangalia dirishani.

Siku ya tano maziwa yalijaa kwa mkupuo. Matiti yalikuwa magumu na yanang'aa, chuchu zimelala kabisa, mtoto hana pa kushika. Akipata, ananyonya kidogo, inamponyoka, anaitafuta tena, analia. Na wakati ananyonya ulimi wake ulikuwa unalia ta, ta, ta, kama mtu anayehimiza punda. Nilidhani ni utundu wa mtoto. Nilicheka hata nikawapigia simu wadogo zangu wasikilize.

"Anakuuma?" nilimuuliza mkwe wangu.

"Kidogo, mama."

Kidogo! Alikuwa ameuma pindo la khanga kwa meno. Siku iliyofuata, nilipokuwa namsaidia kumgeuza mtoto, niliona chuchu zote mbili zimepasuka, moja ina damu. Nikamwambia avumilie, ziwa la kwanza huuma kwa kila mwanamke, ngozi itazoea. Ndivyo nilivyoambiwa na mimi.

Mtoto akawa ananyonya saa nzima bila kuachia, kisha anaomba tena baada ya dakika ishirini. Nepi zikaanza kuwa kavu. Siku ya saba nilikamua tone moja nikalitazama juu ya ukucha wangu. Lilikuwa kama maji yenye rangi kidogo.

"Haya ni maziwa au maji ya mchele?" nilisema. "Mwanangu, maziwa yako ni mepesi. Mtoto hashibi. Tumsaidie na ya ng'ombe, au ya kopo kama unaogopa ya ng'ombe."

Aliangalia dirishani kwa muda, kisha akanigeukia. "Mama, nakuheshimu. Lakini naomba tusimpe kitu kabla hatujajua shida ni nini."

"Shida nimeshakwambia."

"Hilo ni jibu, mama. Mimi nataka kuona njia iliyotufikisha kwenye jibu."

Nilitoka chumbani nimevimba. Mimi, niliyemlea mtu na kumwogesha na kumchemshia mtori tangu alfajiri, naambiwa nioneshe njia kama mwanafunzi wake wa kidato cha pili! Nilimlalamikia mwanangu kwenye simu. Akasema, "Mama, huyo ndivyo alivyo. Msikilize tu." Nikamkatia.

Asubuhi ya siku ya tisa alipokwenda kuoga, nilifanya nilichokusudia. Nilikuwa nimechukua maziwa ya ng'ombe kwa jirani, nikayachemsha, nikayapoza, nikayachanganya na maji. Nikampa mtoto kwa kijiko cha chai, vijiko vinane, huku nikitega sikio upande wa bafuni. Alimeza, akafumba macho, akalala. Nilimfunika, nikakaa pembeni yake nikajiona mshindi.

"Leo amelala," mkwe wangu alisema aliporudi.

"Ameshiba," nikasema.

Hakuamka saa mbili, hakuamka saa tatu. Mama yake naye akapitiwa na usingizi, masikini, maana alikuwa hajalala vizuri tangu azae. Kwenye saa sita mchana nilimpelekea mtori nikamkuta amejikunyata chini ya mablanketi mawili, meno yanagongana. Nilimgusa paji la uso, linaunguza. Titi la kushoto lilikuwa na baka jekundu upande wa kwapa, kama mtu aliyemwagikiwa chai, na lilikuwa gumu na la moto hata kulikaribia huwezi.

Sikuwa nimesoma, lakini akili ya kawaida ninayo. Titi lililojaa, mtoto hakulinyonya asubuhi nzima. Na mtoto hakulinyonya kwa sababu yangu. Niliweka bakuli chini.

"Mwanangu, nilimpa maziwa ya ng'ombe. Ulipokuwa unaoga. Vijiko vinane."

Aliangalia dirishani, na safari hii aliangalia muda mrefu sana. Nilikuwa tayari kwa lolote. Nilikuwa tayari anifukuze chumbani katika nyumba yangu mwenyewe. Akasema kwa sauti ile ile ya chini, "Niletee mtoto, mama. Halafu tuitie bajaji. Tukifika, utamwambia nesi mwenyewe ulichompa na saa uliyompa. Mimi sina nguvu ya kueleza."

Basi tukaenda kituo cha afya, watatu, mimi nimembeba mtoto ndani ya kitenge kizito na mama yake ameegemea bega langu anatetemeka. Mtoto alipimwa kwanza. Alizaliwa na kilo tatu na gramu mia moja. Mzani ulisema mbili na gramu mia saba.

Tulipelekwa kwa muuguzi mkunga, mama wa makamo, umri wa mdogo wangu. Alinisalimia, "Shikamoo mama," na kabla sijamaliza kuitikia marahaba nikaanza kukiri. Nilisema yote, ng'ombe, maji, vijiko, bafuni. Nilitegemea anisute mbele ya wazazi wengine waliokuwa kwenye benchi. Aliandika kwenye kadi ya mtoto, akanitazama.

"Asante kwa kusema, mama. Wengine huficha, tunabaki tunabahatisha. Sasa tumwangalie mtoto anavyonyonya."

Akanawa mikono, akavuta kiti, akakaa akaangalia. Kumbe kuangalia nako ni kazi. Mimi nilikuwa nimekaa na yule mtoto siku zote hizo na sikuwahi kuangalia namna ile. Alisikiliza ile ta, ta, ta. Aliangalia mashavu yanavyobonyea. Mtoto alipoachia, alitazama chuchu, akaona imebanwa upande mmoja kama ncha ya kalamu ya rangi ya mdomo. Akavaa glovu, akaingiza kidole kinywani, akakigeuza taratibu chini ya ulimi.

"Njoo uone, mama. Na wewe bibi, njoo."

Mtoto alikuwa analia, mdomo wazi. Chini ya ulimi kulikuwa na uzi mweupe, mfupi, umevutwa umekaza, umeushika ulimi karibu na ncha. Kila akijaribu kuunyanyua, ncha ile ilikuwa inaingia ndani katikati, kama kopa la kwenye karata.

"Kila mtu ana huo utando," muuguzi alisema. "Wa kwake ni mfupi na umekaa mbele mno. Mtoto anatakiwa autoe ulimi upite ufizi, aukunje chini ya titi, ndipo avute. Huyu ulimi hautoki. Anatafuna badala ya kuvuta. Ndiyo maana chuchu zimepasuka, na ndiyo maana anaponyokwa na kutoa hiyo sauti. Anakaa saa nzima anafanya kazi kubwa na anapata kidogo, maziwa mengi yanabaki. Yakibaki yanaganda njiani, titi linawaka, unapata homa. Na titi lisipotolewa maziwa, linapunguza kutengeneza. Siku chache zijazo yangeanza kukauka kweli, halafu mngesema tuliona mapema."

Mkwe wangu alikuwa anamfuata neno kwa neno, na homa yake yote. "Na upasuaji?"

"Upasuaji unaweza kuyachelewesha kidogo, na kumpakata ukiwa na kidonda ni taabu. Vyote vimejumlishana."

"Kwa hiyo maziwa yangu siyo mepesi."

Alisema hivyo bila kunitazama, lakini sauti ilikatika katikati, na hapo ndipo nilipojua lile neno langu lilikuwa limekaa wapi siku zote zile.

"Hakuna maziwa mepesi," muuguzi alisema. "Ya mwanzo wa kunyonya huonekana kama maji, mazito yanafuata. Huyu hajawahi kufika kwenye mazito vizuri, basi."

Wakati anatuandikia dawa aliniuliza, labda kwa kupunguza aibu iliyokuwa usoni mwangu, "Na wewe bibi ulinyonyesha wangapi?"

"Wawili," nikasema. "Nina watatu, lakini wa kwanza maziwa yalinikataa."

"Yalikukataaje?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Miaka yote nilikuwa nikisema "yalinikataa" na watu wanaitikia pole. Nikamweleza. Nilijifungua kwa taabu, mtoto akapelekwa chumba kingine, akawa anapewa maji ya glukosi kwa chupa. Mimi nikaletewa siku ya tatu. Matiti yalikuwa mawe, mtoto alinusa tu akageuza uso analilia chupa. Mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, alikamua tone akalitazama akasema ziwa langu bovu. Tukaanza ya ng'ombe siku hiyo hiyo. Yule mtoto ndiye baba wa huyu.

Muuguzi aliweka kalamu chini. "Mama, maziwa hayakukukataa. Yalikuja, yakakosa mtu wa kuyatoa. Mtoto alikuwa amezoeshwa chupa, na titi lilikuwa limejaa hawezi kulishika. Ungekamuliwa kidogo likalainika, mkawekwa pamoja, angenyonya. Na wale wawili waliofuata ulipewa mapema?"

"Nilipewa hapo hapo."

"Umeona?"

Nilikuwa na miaka sitini na moja na nilikuwa nimebeba jambo hilo tangu nina ishirini na tano. Mkwe wangu, aliyekuwa na kila sababu ya kunifurahia nikidhalilika, alisogeza mkono wake wa moto akaushika wangu. Alikuwa anaangalia dirishani.

Tulirudi nyumbani na dawa za titi na kazi. Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mtoto anyonye titi lile lile linalouma, kwa sababu kuliacha ndiyo hatari. Apakatwe upya, tumbo lake kwa tumbo la mama, pua ielekee chuchu, mama angoje mtoto afungue mdomo mpana kama anayepiga mwayo ndipo aletwe, aingize na ule weusi unaozunguka. Akimaliza, mama akamue kwa mkono yaliyobaki, na mtoto apewe hayo kwa kikombe mpaka ulimi ushughulikiwe. Chuchu zipakwe tone la maziwa yenyewe ziachwe zikauke kwa hewa. Tulipewa siku ya kwenda hospitali kubwa kwa daktari wa meno, ambaye ndiye angeukata ule uzi.

Kikombe nilikichukua mimi. Nilitafuta kikombe kidogo cha kahawa, nikakichemsha, nikajifunza. Humwagii mtoto mdomoni, atapaliwa. Unamkalisha wima, unakigusisha kikombe kwenye mdomo wa chini, maziwa yafike tu kwenye ukingo, na yeye mwenyewe anayalamba kama paka. Siku ya kwanza nusu yaliishia shingoni kwake na mkononi kwangu. Siku ya pili hakumwaga hata tone, na niliita jirani aje aone. Kikombe kile nilikichemsha kila baada ya kumlisha, na duka nilimwachia binti yangu kabisa. Wateja walipiga simu wakiulizia vitenge vipya nikawaambia niko kazini.

Lakini kazi yangu ilikuwa nyepesi. Yake ndiyo ilikuwa kazi. Kila baada ya saa mbili, saa tatu, alinyonyesha kwenye chuchu iliyopasuka, kisha akakamua. Kukamua titi lenye homa! Nilimwona jasho linamtoka kwenye baridi ile, vidole vinabana nyuma ya ule weusi, vinaachia, vinabana, maziwa yanadondoka moja moja kisha yanaanza kuruka mistari. Alikuwa na daftari la miraba la hesabu, akaandika kila saa na kila kiasi. Siku ya pili homa ilishuka. Siku ya nne baka lile lilikuwa limebaki kivuli. Ndani ya kikombe maziwa yakatulia, nikaona juu yake tabaka la mafuta, la manjano kidogo, zito. Nikampelekea alione.

"Tazama maziwa mepesi," nikamwambia.

Akacheka. Ndiyo mara ya kwanza nilimsikia akicheka kwa sauti, na alijishika kidonda cha upasuaji.

Mama yake alikuja kutoka Olmotonyi wiki hiyo, amebeba kibuyu cha maziwa mgando na mafuta ya kondoo kwa ajili ya mzazi. Nilimwogopa. Kiswahili chake ni kifupi na macho yake ni marefu. Nilimketisha nikamweleza yote, maana nilijua binti yake asingenisema kamwe, na sikutaka kujificha nyuma ya ustaarabu wake. Alisikiliza mpaka mwisho. Wakaongea kwa Kimaa yeye na binti yake, maneno kadhaa tu. Kisha akasimama, akanawa mikono, akaniambia, "Mkwe, nioneshe kikombe." Nikamwonesha. Mtoto akalamba mikononi mwa bibi mmoja huku bibi mwingine amekishika kichwa, na nadhani siku hiyo ndipo tulipokuwa ndugu hasa.

Siku ya kukatwa uzi nilikuwa naogopa kuliko mama mtu. Daktari alikuwa kijana, akamfunga mtoto kwenye shuka, akaunyanyua ulimi, mkasi mdogo, basi. Tone la damu, kilio kifupi. Akamweka kifuani kwa mama yake palepale. Nilitegemea muujiza na haukuja, kwani mtoto aliyezoea kutafuna siku kumi na tano hajui kuvuta kwa siku moja. Siku tatu aliendelea kuponyokwa. Siku ya nne, mchana, nilikuwa nakunja nguo pale pale chumbani nikagundua sisikii kitu. Ile ta, ta, ta haikuwepo. Nilisikia mmezo, mmoja, pumzi, mwingine. Taya lilikuwa linashuka na kupanda pole pole hadi kwenye sikio. Mkwe wangu alikuwa ameachia pindo la khanga.

"Haumi?" nikamuuliza.

"Haumi, mama." Machozi yalikuwa yanamtoka, na hakuyaficha dirishani.

Jioni hiyo nilimpigia mwanangu simu. Nilimwambia habari za mtoto, kisha nikamwambia na zile nyingine, kwamba kumbe maziwa hayakunikataa nilipomzaa, kwamba tulitenganishwa na hatukusaidiwa. Sijui nilitaka aseme nini. Akasema, "Mama, ulikuwa unanichukulia maziwa kwa miguu kila asubuhi mvua ikinyesha. Bibi alinisimulia. Kwani hiyo siyo kunyonyesha?" Niliweka simu nikalia kidogo, nikaenda kuchemsha ndizi.

Wiki ya nne tulirudi kliniki. Kilo tatu na gramu mia sita. Muuguzi aliyetupokea mara ya kwanza aliita wenzake wawili waje waone, akamwambia mkwe wangu, "Mwalimu, hii ni kazi yako." Nilisimama nyuma yake nimenyoosha mgongo kama mama wa bibi harusi.

Mtoto alibatizwa alipotimiza miezi mitatu, siku ile ile tuliyomtoa mama yake nje, malezi ya ndani yamekwisha. Nilimvalisha kitenge nilichokuwa nimekificha dukani, cha rangi ya samli, na ndugu walijaa uani. Mtoto alipolia, mkwe wangu alikaa katikati ya wageni, akajitanda khanga, akamnyonyesha huku anaongea na watu. Shangazi yake mwanangu, mwanamke anayejua bei ya kila kitu, alimtazama mtoto mapaja akaniuliza kwa sauti, "Mtoto mnene hivi! Mnampa kopo gani?"

"La mama yake," nikamjibu, na watu wakacheka.

Mkwe wangu alinyanyua uso. "Na la bibi yake," akasema. "Muulizeni awasimulie habari za kikombe cha kahawa."

Nikawasimulia, nimesimama, sahani ya pilau mkononi. Nilianza na vile vijiko vinane vya siri, maana bila hivyo habari haieleweki, na sikuruka kitu.